RIWAYA ZIMENIPONZA MWENZENU!

Siku hiyo nilitakiwa kushuka Kipawa. Nikaja kushtuka konda anagonga bati: "Sista, mwisho wa gari hapa, au tukuletee shuka?" Kutazama nje, Gongo la Mboto! Abiria wote wameshashuka, nimebaki mimi na kitabu changu mapajani. Ikabidi nilipe nauli nyingine ya kurudi, na mfukoni nilikuwa na hela ya mboga tu. Jioni ile nyumbani tulikula dagaa badala ya samaki, na nilipoulizwa nikasema samaki wamepanda bei. Leo nasema ukweli. Aliyekula samaki wetu ni Willy Gamba.

Kama humjui Willy Gamba, pole yako. Ni mpelelezi wa kwenye riwaya za marehemu Elvis Musiba: Kufa na Kupona ya mwaka 1974, Kikosi cha Kisasi ya 1979, Njama, Hofu na nyinginezo. Jamaa anapiga, anavaa, anakunywa, anaendesha gari kama ameliiba, na warembo wanamdondokea kama maembe ya Desemba. Siku ile nilikuwa naye Kinshasa, mambo yameshachacha, sasa hapo nani atakumbuka Kipawa?

Mwenzenu si mhakiki, tuelewane kabisa. Nimeishia kidato cha nne, na matokeo yangu ya Kiingereza tuyaache, watu wanakula. Shuleni tulisoma Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, kitabu kizuri tu, watoto wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, mimi mwenyewe kilinitoa machozi. Lakini nani alitaka machozi yangu? Zilitakiwa dhamira, kila moja na mfano wake, na ukisahau falsafa ya mwandishi umeliwa maksi. Nikakariri dhamira, watoto nikawasahau.

Sasa hivi nasoma bila kuulizwa dhamira na mtu. Nasoma kwenye daladala, nasoma umeme ukiwepo na ukikatika natumia tochi ya simu. Na nimegundua kitu kimoja: kila aina ya riwaya inanifanyia la kwake, nyingine inanigusa moyo, nyingine inanigusa pochi.

Za upelelezi zinanikimbiza mapigo. Na hizi za Musiba nilizirithi, maana ni za baba. Mzee wangu alikuwa dereva wa lori, ana sanduku la bati chini ya kitanda, ndani yake vitabu vimechakaa hadi majalada yameshikwa kwa gundi na maombi. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba yale mambo ya Willy Gamba kuwasaka maadui wa wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika hayakutoka hewani. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapahapa Dar kuanzia mwaka 1963 mpaka 1994, na Eduardo Mondlane wa FRELIMO aliuawa hapahapa mjini Februari 3, 1969, kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi cha kitabu. Kitabu, jamani! Nilipoambiwa hivyo, wiki nzima nilikuwa nafungua vitabu kwa ncha za vidole.

Lakini kesi moja na Willy Gamba ninayo. Wanawake wake wote ni wazuri kupita kiasi. Hakuna hata mmoja aliyesuka twende kilioni, hakuna anayevaa kandambili, hakuna anayeuliza "na hela ya matumizi je?" Ndiyo maana nikahamia kwa Joram Kiango wa marehemu Ben Mtobwa. Yeye naye mambo ni yaleyale, bastola na vituko, ila pale kuna Nuru, mrembo kweli lakini kichwa chake kinafanya kazi. Nikisoma Mtobwa, Nuru ndiye mimi. Usinicheke.

Halafu kuna mzee mwingine, Bwana Msa wa Zanzibar, aliyetungwa na Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960. Huyu hapigi mtu. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, anavuta moshi, anauliza maswali ya kijinga-kijinga, mwisho anakuumbua mbele ya watu. Kiswahili chake ni cha visiwani haswa, nilikuwa nasimama kila ukurasa nijiulize neno. Bwana Msa alinitia ugonjwa wa kushuku. Zilipopotea shilingi elfu tano zangu, nikawahoji watu wote wa nyumbani mmoja mmoja, kwa upole, nimekaa kwenye stuli, nimekunja nne. Mdogo wangu akalia. Hela nikaja kuzikuta kwenye sidiria niliyoianika. Kesi ikafungwa.

Tuje kwenye mapenzi, maana najua ndiyo mliyoyangoja. Dada mmoja jirani alinipa fuko zima la Mills & Boon, vile vitabu vya Waingereza vyenye jalada la mwanamke amelegea mikononi mwa mwanaume aliyesahau vifungo vya shati. Nilisoma na kamusi pembeni. Mwanaume huwa tajiri, mkali, ana macho ya kijivu, anakutesa kurasa mia na hamsini, halafu ukurasa wa mwisho anakiri kuwa alikupenda tangu siku ya kwanza. Nilivisoma kumi na mbili mfululizo, na ndivyo vilivyoniponza kuliko vyote.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, fundi simu Kariakoo. Kijana mpole, macho yake ya kahawia kama ya kila mtu. Tukagombana, kitu kidogo tu, nikaondoka kwa hasira. Jioni mvua ikaanza kumwaga. Mwenzenu nikavaa gauni zuri nikakaa kibarazani, namngoja aje mbio, amelowa, shati limemganda kifuani, aniombe msamaha! Maana kwenye kitabu hafiki asiyelowa. Saa tatu usiku ikaingia meseji: "Mvua kubwa, barabara imejaa maji, nitakuja kesho nikuletee chipsi."

Nikamwacha. Kwa chipsi.

Aliyempata wala hasomi vitabu. Wana mtoto na duka lao dogo la vifaa vya simu, na mvua ikinyesha namuona anafunga turubai huku mkewe amemshikia ngazi. Nikipita pale naangalia upande wa pili wa barabara. Sivilaumu vile vitabu. Waingereza wa watu hawakujua kama kuna msichana wa Kipawa anayesoma kama vile anasoma maelekezo ya dawa.

Za kutisha nazipita haraka, kama ninavyopita makaburini. Magazetini humu zinaendelea wiki hadi wiki, majini, misukule, mtu amekufa halafu anabisha hodi. Nazisoma mchana peke yake. Usiku nikitaka kwenda uani namwamsha mama, na mama ameshachoka.

Nikajaribu na za wasomi. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, ni kitabu chembamba mno, nikasema hiki namaliza kabla ya kufika Buguruni. Weee! Nimekianza mara tatu. Ni kama ndoto ya mtu mwenye homa, najua kuna kitu kikubwa kinasemwa ila mimi nimesimama nje ya mlango. Msomi mmoja aliniona nacho akaniheshimu ghafla, nikazuga naelewa, nikawa natikisa kichwa.

Kwa hiyo niliponunua Rosa Mistika ya huyohuyo Kezilahabi, kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza turubai chini, nilitegemea kulala. Ni riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1971, na iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Nikaifungua kitandani, saa nne usiku. Rosa ni msichana wa Ukerewe. Anaandikiwa barua na mvulana. Baba yake, Zakaria, anaijua, na anampiga kipigo cha mbwa mwizi.

Nikafunga kitabu. Nikazima tochi. Nikakaa gizani.

Maana mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, kidato cha pili, simu ni ya mama. Ikaingia meseji kutoka kwa kijana wa darasani, baba akaiona kabla yangu. Alitumia mkanda. Huyohuyo mzee wa sanduku la bati, aliyenihadithia Mondlane, aliyeniletea daftari kila aliposafiri. Majirani walikuja kugonga mlango. Kesho yake shuleni nilivaa sweta joto lote lile, nikasema nina malaria.

Alinipiga nisiharibike. Nilichojifunza ni kuficha. Kufika kidato cha tatu nilikuwa na laini yangu ndani ya soksi, na uongo nilioumudu kuliko hesabu. Rosa naye, akitoka mikononi mwa Zakaria akaingia shule ya bweni, hajui mvulana anaongeleshwaje, kamba ikakatika kabisa. Mimi yangu haikukatika, nilibahatika tu, si kwamba nilikuwa na akili kumshinda. Nilisoma mpaka mwisho kwa siku mbili na sikupitishwa kituo hata kimoja, nilikuwa nasoma kurasa chache halafu natazama dirishani. Kwa Willy Gamba nataka kujua kitakachotokea. Kwa Rosa nilishakijua, nilikuwa namwomba mwandishi asikiandike.

Sasa sikilizeni kisa. Masika yakaja, mzee hatoki, vya Musiba ameshavirudia mpaka anavijibu. Siku moja akakiona kitabu changu juu ya televisheni.

"Hiki nacho ni cha upelelezi?"

"Hapana, baba. Cha mambo ya familia."

Akavaa miwani. Mimi jikoni, nakata kitunguu, sikio liko sebuleni. Haikuchukua robo saa nikasikia kitabu kinawekwa mezani, si kwa upole. "Mwandishi huyu hana adabu," akasema, akawasha redio.

Nikajua ndiyo basi. Lakini baada ya siku tatu nikakikuta kitabu hakipo. Mzee yuko nyuma ya nyumba, kwenye kiti cha plastiki karibu na tangi la maji, anasoma. Aliponiona akakiweka chini ya gazeti, kama nilivyokuwa nikificha mimi. Nilijifanya nimefuata ndoo.

Alikisoma wiki nzima. Sikuuliza. Usiku mmoja umeme umekatika, mama amelala, tumekaa sebuleni mimi na yeye na mshumaa mmoja. Akakohoa.

"Ile meseji."

Nikanyamaza. Kuna meseji moja tu duniani ambayo angeweza kuiita ile.

"Sikuisoma yote siku ile. Niliona jina la kiume tu. Yule kijana alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa ananiuliza kama nimekula, baba."

"Basi?"

"Basi."

Mzee akautazama mshumaa muda mrefu. Nilimwona anataka kusema kitu, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Mimi sikumsaidia. Nilitaka nimsaidie, mdomo ukagoma.

"Kesho ukipita mjini," akasema mwishoni, "nitazamie kitabu kingine cha Musiba. Huyu bwana wako anachosha."

"Sawa, baba."

Kesho yake nikapita kwa yule jamaa wa turubai, nikampata Hofu, wa mwaka 1988, shilingi elfu tatu, nikabembeleza ikawa elfu mbili na mia tano. Nimeshampelekea, anasoma sasa hivi ninavyoandika haya, hata chai imempoa. Nimekuja kugundua nyumbani kwamba ukurasa wa mwisho umechanwa. Sijamwambia.