Kwaheri ya Viroba

Kabla ya Machi 2017, mpagazi wa Mlima Meru hakuondoka nyumbani bila soksi za sufu, tochi, na viroba viwili vitatu, vile vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali ya Konyagi, kwenye mfuko wa ndani wa koti. Chupa ilikuwa mzigo, tena huvunjika. Kiroba kilikuwa bapa na chepesi. Unang'ata pembe, unakamua, unameza, unakunja uso. Basi.

Nami, mpagazi, nilivipenda. Tulianzia lango la Momella, tukalala kibanda cha Miriakamba, kesho yake tukapanda mpaka kibanda cha Saddle, mita 3,570. Wapagazi huishia pale. Saa saba usiku mgeni huondoka na mwongozaji pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki, nasi hubaki jikoni kuwasubiri. Baridi ya Saddle huingia mpaka kwenye fizi. Kiroba kikishapita kooni kifua kiliwaka, na hadithi zikaanza. Madaktari wanasema pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, joto la mwili likatoka nje badala ya kubaki ndani. Kumbe ule moto wa kifuani ulikuwa joto letu wenyewe linatuaga.

Mjini Arusha mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kwa shilingi mia tano tu, pombe kali ilikuwa mkononi mwa yeyote. Mtaa wa Sakina niliona vijana wa bodaboda wakifungua kiroba kabla ya abiria wa kwanza, na wanafunzi walivificha kwenye soksi. Wazee wetu Umeruni walikunywa mbege wakiwa wameketi: kata inazunguka, mdogo anamhudumia mkubwa, na anayelewa anaonekana na wote. Kiroba kilivunja kikao kile. Mtu alikunywa anatembea, au nyuma ya duka, na hapakuwa na wa kumwambia, "Mjomba, kwa leo inatosha." Tumezika vijana kwa sababu hiyo, na hilo linaniuma hadi leo kuliko ninavyokikumbuka kiroba chenyewe.

Tangazo la kuvipiga marufuku lilitolewa jirani yetu. Tarehe 16 Februari 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa Mirerani, kwa wanaapolo, wachimbaji wa tanzanite, akasema kuanzia tarehe 1 Machi viroba marufuku. Wiki mbili tu! January Makamba, waziri aliyeshughulikia mazingira, ndiye aliyesimamia utekelezaji. Kulikuwa na hoja ya watoto na hoja ya uchafu. Ya uchafu sisi wa mlimani hatukuhitaji kuelezwa. Hata karibu na ule mti mkubwa wa njiani wenye tao ambalo gari hupita katikati yake, vifuko vilikuwa vimelala kwenye majani, na haviozi.

Siku za mwisho za Februari nilikwenda dukani.

"Mangi, nipe kumi."

"Vimebaki vinne, kaka. Wenzako wamebeba boksi zima."

Nilivichukua vyote vinne. Cha mwisho nilikinywea Saddle, taratibu, kwa mafundo madogo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya na kiroba. Nilisikia ladha yake kwa mara ya kwanza.

Marufuku haikumaliza ulevi, na wapo waliohamia kwenye gongo. Lakini asubuhi za vijiwe vya bodaboda zilibadilika, kwa sababu chupa nzima inataka fedha ambayo dereva hajaipata saa moja asubuhi.

Siku hizi tukishuka mlimani na kulipwa, tunachanga chupa moja Usa River. Inakaa mezani, kila mtu anaona kiasi alichomimina mwenzake. Juzi mkubwa wetu mmoja alimwangalia kijana mgeni wa kazi akamwambia, "Mwanangu, wewe umefika. Nenda ukale, ulale." Kijana alibisha kidogo, akaaga, akaondoka. Mchango wake ukabaki mezani, na hakuudai.