Usiku Aaron Alipompita Ruth

Jumatatu ya Aprili 8, 1974 kulikuwa na baridi na manyunyu, lakini watu zaidi ya 53,000 walijaa uwanjani Atlanta. Nami nilikuwamo, mwanafunzi kutoka Tanga niliyefundishwa besiboli na wenzangu wa bwenini. Kilichotupeleka ni kimoja: Hank Aaron, mchezaji wa Atlanta, alikuwa ameshavusha uzio mipira 714, sawa na Babe Ruth, ambaye rekodi yake hakuna mwingine aliyeifikia tangu 1935.

Wenzangu Weusi walikuja na furaha na hofu pamoja. Muda mrefu Aaron alikuwa akiletewa barua za matusi na vitisho vya kumuua, kwa kosa la kuwa Mweusi anayetaka kumpita Ruth. Alikuwa akilindwa na polisi. Mzee mmoja wa pale Georgia aliyekaa karibu nami alitazama majukwaani kuliko mchezoni. Aliniambia anaangalia asije akawepo mwenye bunduki.

Awamu ya pili Aaron hakulizungusha gongo hata mara moja. Alipewa kituo cha kwanza bure. Awamu ya nne Al Downing wa Los Angeles Dodgers alirusha, na pigo la kwanza la Aaron usiku ule likaupaisha mpira hadi nyuma ya uzio wa kushoto. Uwanja ulilipuka! Yeye alizunguka vituo taratibu, bila kurukaruka. Ghafla vijana wawili Wazungu waliingia uwanjani wakamkimbilia. Yule mzee alinishika mkono kwa nguvu. Kumbe walitaka kumpigapiga begani tu, kumpongeza. Kisha mama yake, Bi. Estella, akamkumbatia asitake kumwachia.

Watu husimulia 715, au 755 alizomaliza nazo, idadi ambayo Barry Bonds aliipita mwaka 2007. Mimi namheshimu zaidi kwa kudumu kwake. Mtoto huyu wa Mobile, Alabama, aliyepitia Indianapolis Clowns ya ligi za Weusi, alicheza ligi kuu misimu 23. Ziondoe zote 755, bado anabaki na mapigo safi 3,016. Kwa jumla ya vituo alivyovipata kwa gongo lake, 6,856, hadi leo hakuna aliyemfikia.

Alifariki Januari 2021. Zile barua za chuki alizitunza. Miaka 40 baada ya usiku ule alieleza kwamba alizihifadhi ili zimkumbushe kuwa nchi yake haijafika mbali.