Ufa na Uzi

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Pikipiki yetu ilipoanguka na kava lake la ubavuni kupasuka, tuliazimia kulitupa na kununua jipya. Fundi, kijana tuliyepata kumfundisha na kumhesabu miongoni mwa walioshindwa masomo, akatuzuia: “Mwalimu, hili linashoneka.” Akatoboa kitundu kidogo kwenye ncha ya ufa ili usizidi kukimbia. Akapitisha waya mwembamba wa shaba huku na huku mfano wa uzi, akaupasha moto ukazama ndani, kisha akayeyushia plastiki juu yake. Lakini kipande kilichovunjika karibu na usukani alikikataa: “Hiki tubadilishe, kisije kikakwama mkapata ajali.”

Hapo tuliona haya. Miaka yote darasani tuliusifu mtepe, chombo cha pwani yetu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari, tukasikitika kwamba ujuzi wa kushona umekufa. Kumbe ulikuwa hai mikononi mwa yule tuliyemkatia tamaa. Basi wanafunzi wetu, mkimaliza kusoma habari za mtepe, piteni na gereji. Huko nako kuna somo.