Nyumba Kama Ilivyo

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kuona katika mitaa ya Dar es Salaam ukuta ulioandikwa kwa herufi kubwa za rangi: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni hushangaa kwa nini mtu atangaze kitu asichokiuza. Mwenyeji hashangai, kwani ajua kuwa nyuma ya maandishi hayo pana ndugu wasioelewana juu ya urithi, au matapeli waliokwisha kumleta mnunuzi mlangoni ilhali mwenye nyumba yu safarini. Leo lakini nataka kuzungumza nawe juu ya ile nyumba inayouzwa, na hasa ile inayouzwa ikiwa mbovu: bati limetoboka, lipu imebambuka, shimo la choo limejaa. Je, mwenye nayo aitengeneze kwanza ndipo aiuze, au aiuze kama ilivyo?

Wengi watakujibu upesi kwamba aitengeneze. Watakuambia kuwa biashara ni sura, na kwamba hata muuza machungwa huyafuta vumbi kabla ya kuyapanga. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu mwenye fedha. Lakini tujiulize ni nani hasa auzaye nyumba katika mitaa yetu ya wafanyakazi. Aghalabu si tajiri anayebadilisha makao. Ni mjane, ni mstaafu aliyeuguliwa, ni watoto wa marehemu walio watano au wanane ambao hawawezi kuigawa nyumba ya vyumba sita kwa kisu. Watu hawa wakiambiwa watengeneze kwanza, maana yake wakope kwanza. Na mkopo wa haraka mjini mara nyingi hupatikana kwa mtu binafsi, kwa riba kali, na dhamana yake ni ile ile nyumba. Nimewaona watu walioingia katika matengenezo wakiwa wauzaji, wakatoka wakiwa wadaiwa.

Pana jambo jingine ambalo halisemwi sana. Katika nchi yetu ardhi ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Raia ana haki ya kuikalia na kuitumia. Kwa miaka mingi baada ya umiliki huru kufutwa mwaka 1963, msimamo wa serikali ulikuwa kwamba ardhi tupu haina bei, na kwamba auzaye huuza maendelezo yake tu: msingi, kuta, paa, na minazi aliyoipanda. Ukuta ulikuwa na heshima yake enzi hizo, kwa kuwa kwa mujibu wa karatasi ukuta ndio uliouzwa, japo kila mtu alijua moyoni kwamba kiwanja cha Kariakoo si sawa na kiwanja cha Mbagala. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, na kisha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, zilikubali waziwazi kwamba haki katika ardhi ina thamani yake. Tangu hapo kile kilichokuwa kikinong'onwa kikawa kinasemwa. Leo mnunuzi akija Kariakoo hatazami lipu. Anahesabu hatua za upana wa kiwanja, anauliza kama gari la mchanga litapita, kisha anaondoka kwenda kuzungumza na mchora ramani za ghorofa. Ukimpakia mtu huyo rangi, umeipaka rangi nyumba itakayobomolewa kabla haijachakaa.

Sisemi kwamba kila mnunuzi ni wa namna hiyo. Karani au mwalimu anayetafuta pa kuweka wanawe hulitazama bati kwanza, na ana haki. Ndiyo maana swali la kwanza si nyumba imeharibika kiasi gani, bali ni nani atakayeinunua.

Hayo nimeyajifunza katika nyumba ya marehemu baba yetu. Ilikuwa Magomeni Suna, upande unaoshuka kuelekea Bonde la Msimbazi, nyumba ya Kiswahili kama zile uzijuazo: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, na nyuma ua wenye jiko, bafu na choo. Baba, aliyekuwa mfanyakazi wa bandarini, aliijenga kwanza kwa miti na udongo, kisha mwaka hata mwaka akabadilisha ukuta mmoja mmoja kuwa wa tofali za saruji, kadiri mshahara ulivyoruhusu. Kwa hiyo ilikuwa nyumba ya rika nyingi. Vyumba vya mbele vilikuwa imara. Vile vya nyuma vilikuwa na boriti zilizoliwa na mchwa, na kuta ambazo chumvi ilizitoa lipu kila masika, hata ukafagia unga mweupe asubuhi kama mtu aliyemwaga sembe.

Mvua kubwa za Desemba 2011, ambazo msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kukumbushwa, ziliufanya Mto Msimbazi kuyajaza makazi ya bondeni. Watu walikufa, na baadhi ya walionusurika wakapewa viwanja Mabwepande. Nyumba yetu haikuwa bondeni kabisa, lakini maji yaliingia alfajiri, yakafika juu kidogo ya goti, yakakaa. Yalipoondoka yaliacha mstari wa rangi ya chai kuuzunguka ukumbi wote, ulionyooka kama uliopigwa na fundi kwa timazi ya maji. Baba alikuwa mgonjwa tayari. Alifariki mwaka uliofuata, na mstari ule alifariki akiwa hajaufuta.

Mahakama ya Mwanzo ilimteua kaka mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, na tukagawiwa kwa sheria ya dini yetu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi kwa namna ya ajabu. Mama, kwa kuwa marehemu aliacha watoto, alipata thumni, yaani fungu moja katika manane. Saba yaliyobaki yalikuwa ya watoto: wavulana wawili mawili mawili, wasichana watatu moja moja. Jumla manane, hapana hata senti ya kugombaniwa. Hakuna aliyeweza kuwanunua wenzake, ikabidi nyumba iuzwe.

Hapo ndipo kaka mdogo alipoleta shauri la dalali. Dalali alisema nyumba ipigwe lipu ukumbini, ipakwe rangi, na boriti za nyuma zifunikwe kwa dari ya mbao nyembamba. Milioni nane zingetosha, na yeye alimjua mtu wa kuzikopesha. Mtu wa namna hiyo madalali humjua daima. Mimi nilichukua karatasi. Milioni nane kwa mafungu manane ni milioni moja kwa kila fungu, kabla ya riba. Kwa kaka aliye na kazi na mafungu mawili, hilo lilikuwa jambo la kubahatisha. Kwa mama, ambaye thumni yake ndiyo ingemnunulia chumba na varanda huko Mbagala asije akahamahama kwa watoto kama mzigo, halikuwa la kubahatisha hata kidogo.

Lakini fedha ilikuwa nusu tu ya mabishano. Nusu ya pili ilikuwa ule mstari.

Kaka mdogo alisema, na alisema kwa hoja, kwamba nyumba zote za mtaa ule ziliingia maji, kwamba mnunuzi ana macho na miguu ya kwenda kuuliza majirani, na kwamba hakuna muuza ng'ombe anayeanza kwa kuhesabu meno yaliyong'oka. Mabishano haya ni ya kale kuliko alivyodhani. Cicero wa Roma, katika kitabu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo juu ya wajibu, aliuliza swali hili hili la mtu auzaye nyumba ambayo yeye peke yake anajua kwamba haifai kwa afya na kwamba mbao zake ni mbovu. Akawataja wanafalsafa wawili waliogombana juu yake: Diogenes wa Babeli aliona kwamba muuzaji asiyeisifu nyumba yake kwa uongo hana kosa, kwani hakumlazimisha mtu kununua, mwanafunzi wake Antipater aliona kwamba kunyamaza huko ni kumwacha mwenzako apotee njia huku unamtazama. Cicero alikuwa upande wa mwanafunzi.

Mama hakumjua Cicero. Alichokijua ni ile habari ya Mtume Muhammad kuingiza mkono katika chungu ya nafaka sokoni na kukuta ubichi ndani. Mwenye nafaka akasema ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. "Wanangu," mama alituambia, "na yetu ilinyeshewa." Kisha akarudi jikoni. Kaka mdogo alinyamaza siku ile, ingawa najua hakukubali.

Naomba msomaji aiangalie sheria nayo, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba maneno "kama ilivyo" ni kinga dhidi ya kila kitu. Sheria yetu ya Mikataba ilitungwa mwaka 1961 kwa kuifuata kwa karibu ile ya India ya mwaka 1872, na inatenganisha mambo mawili. Kukaa kimya tu, kwa kawaida, si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo hali yenyewe inamtaka mtu aseme. Lakini kuficha kwa vitendo jambo unalolijua, ili mwenzako aingie katika mkataba, ni udanganyifu, na mkataba wa namna hiyo aliyedanganywa anaweza kuukataa. Sasa pima. Mstari ulioachwa ukutani ni nyumba kama ilivyo. Mstari uliopigwa lipu wiki moja kabla ya mnunuzi kufika ni kitu kingine kabisa, na risiti ya saruji yaweza kuwa ushahidi. Matengenezo ya juu juu, yale ya kufunika na si ya kuponya, ndiyo yanayomweka muuzaji hatarini kuliko ubovu wenyewe. Dalali hakutuambia hilo. Hakuwa na sababu ya kutuambia, kwa kuwa yeye hatakuwapo mahakamani.

Basi tuliiuza mwaka 2013 bila kuigusa, ila tulifagia. Wanunuzi wawili wa kwanza walioneshwa mstari wakaaga kwa adabu. Siku zile kaka mdogo alikuwa akinitazama bila kusema neno, na sikuona raha. Wa tatu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyekulia Kigogo, na mafuriko hayakuwa habari ngeni kwake. Hakuuliza kama maji yaliingia. Aliuliza yaliingilia upande gani, na yalikaa saa ngapi. Mama alimjibu mwenyewe: kwa mlango wa uani, tangu alfajiri hata karibu na adhuhuri. Mtu yule akashusha bei, na alishusha sana. Tukashindana siku tatu, tukapatana chini ya ile aliyoitaja dalali, lakini si chini kwa milioni nane.

Mkataba aliuandika wakili, na nakusihi, msomaji, usiuze kwa karatasi ya daftari hata kama mnunuzi ni rafiki. Yale maneno "kama ilivyo" hayakuachwa peke yake. Yalifuatwa na orodha: alama ya maji ya Desemba 2011 kuzunguka ukumbi, boriti za vyumba vitatu vya nyuma, shimo la choo, bati kumi na moja zenye matundu. Mnunuzi akatia saini chini ya orodha hiyo, mbali na saini ya mkataba. Warithi wote tulitia saini, hata dada aliye Tanga alisafiri kuja. Wapangaji wawili waliokuwa wamelipa kodi ya miezi mitatu mbele waliandikwa pia, ili wasije wakatolewa vitu nje. Jambo hili wauzaji wengi hulisahau, na anayeumia ni mpangaji. Na kama mwenye nyumba yu hai na ana mke au mume, ridhaa ya mwenzake ni ya lazima kwa nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imesema hivyo.

Mama alipata chumba chake na varanda Mbagala, na akabakiwa na kidogo cha kufugia kuku. Kaka mdogo hata leo husema kwamba tulitupa fedha, na katika karamu za Idi hatumbishii.

Mnunuzi aliibomoa nyumba yote isipokuwa msingi. Jirani mmoja alitusimulia kwamba kabla ya kuuvunja ukuta wa ukumbi, fundi mwashi alisimama na futi yake, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye ule mstari wa rangi ya chai, kisha akainua sakafu mpya kwa kozi tatu za tofali juu ya ile ya zamani. Aprili 2014 mto ulifurika tena. Maji yaliingia barazani, yakasimama kwenye ngazi ya pili.