Barua ya kuacha kazi ina siku yake

Wapo watu wanaodhani kuacha kazi ni kumtupia bosi barua mezani halafu unabamiza mlango. Hao hawajawahi kudaiwa kodi ya miezi sita na mwenye nyumba. Sisi wenye fomu foo yetu tu, hata kuondoka kunataka kalenda.

Nilikuwa karani wa stoo katika kampuni moja hapa Upanga, si mbali na Barabara ya Umoja wa Mataifa. Miaka mitatu nahesabu makatoni. Mwisho wa mwaka jana duka moja la jumla la Kariakoo, Mtaa wa Kongo, likaniita. Mshahara mnono zaidi. Mzee mwenye duka akasema, "Kijana, nakutaka tarehe mosi Machi."

Tatizo lilikuwa bonasi. Pale kwetu ililipwa pamoja na mshahara wa Januari, kwa kazi ya mwaka uliopita. Ila mkataba ulikuwa na mstari mmoja mdogo: siku ya malipo uwe bado mfanyakazi, tena uwe hujatoa notisi. Mwaka mmoja nyuma dada wa mapokezi alipeleka barua yake wiki moja tu kabla. Miezi 12 ya kuamka alfajiri, akaambulia "asante na kila la heri". Alilia mbele yetu.

Sasa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi, siku zisizopungua 28. Nikapiga hesabu: bonasi iingie tarehe 30 Januari, barua niipeleke 31, Februari nzima niitumikie notisi, Machi mosi niko Kariakoo. Safi kabisa!

Tarehe 30 ukaingia mshahara mtupu. Uhasibu wakasema bonasi itatoka "si zaidi ya tarehe 10". Ebwana, usingizi uliniruka. Nikipeleka barua, bonasi kwaheri. Nisipopeleka, kazi mpya inayeyuka, maana vijana wa kushika nafasi ile wamejaa tele. Washkaji wakanishauri niondoke kimyakimya bila notisi. Ushauri gani huo? Ukigoma kuzifanyia kazi siku za notisi, sheria inamruhusu mwajiri kukata hela yake kwenye malipo yako ya mwisho.

Nikamwendea yule mzee nikamweleza ukweli wote. Akacheka, akaniongeza siku kumi. "Ukimuaga huyo kwa utaratibu," akasema, "na mimi siku moja utaniaga hivyo hivyo."

Tarehe 9 Februari meseji ya benki ikalia. TRA walishachukua chao, kwani bonasi nayo inakatwa kodi kama mshahara. Kesho yake barua ikawa mezani. Bosi akanitazama juu ya miwani.

"Kwa hiyo ulikuwa unasubiri hela?"

"Ndiyo, bosi. Niliifanyia kazi."

Akasaini bila neno.

Wapo watakaouita unafiki, kumchekea bosi huku barua imelala kwenye mkoba. Sikubali. Kampuni nayo ikitaka kupunguza watu hupiga hesabu zake kwanza, na haimuulizi mtu kama ameshalipa ada ya mtoto. Mfanyakazi akipiga zake, kosa liko wapi?

Basi ndugu msomaji, usome mkataba wako kabla hujaanza kuota, maana bonasi haimo katika sheria, imo katika makubaliano yenu. Ahadi ya uhasibu si pesa. Subiri mpaka uione kwenye akaunti. Notisi itumikie yote na cheti chako cha utumishi ukidai, ni haki yako. Na zaidi ya yote, mdomo usitangulie barua. Chai ya saa nne imewaponza wengi kuliko bosi mkali!