Viking Juu ya Sitaha ya Midway

Kwenye sitaha ya USS Midway, manowari iliyogeuzwa makumbusho jijini San Diego, watu hujazana penye F-14 Tomcat. Watoto wamebebwa mabegani, simu ziko juu. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa S-3 Viking, ndege nene yenye injini mbili zinazoning'inia chini ya mabawa. Midway yenyewe haikupata kuwa maskani yake. Lakini ng'ambo ya ghuba, pale North Island, ndipo marubani wake walipofundishwa. Wanamaji waliiita Hoover, kwa sababu mvumo wake ulifanana na wa mashine ya kufyonza vumbi.

Niliinama chini yake. Upande wa nyuma wa tumbo kuna matundu ya mviringo, safu kwa safu, 60 kwa jumla. Humo yalipakiwa maboya ya kudondoshwa baharini ili yasikilize nyambizi. Mkiani umefichwa mlingoti uliochomozwa ndege ikiwa angani, kupima namna chuma kingi kilichozama kinavyovuruga usumaku wa dunia. Kazi hiyo ilianza mwaka 1974, na ndani walikaa watu wanne.

Haikuishia hapo. Viking ilifungwa tangi chini ya bawa, ikawagawia wenzake mafuta huko huko angani. Ilibeba makombora ya Harpoon ya kupiga meli. Nyingine 16 ziligeuzwa ES-3A, za kunasa mawasiliano ya adui, na chache zikapewa kazi ya kusafirisha watu, barua na vipuri. Kwa kamanda aliye katikati ya bahari, aina moja ya ndege kufanya kazi nyingi hivyo ni neema: sitaha ni finyu, na kila aina ya ndege inadai mafundi wake na vipuri vyake.

Miaka ya 1990 Marekani ilipanga kuunda ndege moja ya kurithi kazi za Viking, Hawkeye ya rada na Greyhound ya mizigo. Mpango ukafa. Mwaka 2009 kikosi cha mwisho cha Viking kikavunjwa, na Super Hornet, ndege za mapigano, zikabebeshwa mzigo wa kugawa mafuta, zikichakaa kwa safari zisizo za vita. Naona lilikuwa kosa kubwa. MQ-25 isiyo na rubani iliijaza Super Hornet mafuta kwa mara ya kwanza tarehe 4 Juni 2021, miaka 12 baadaye. Uwindaji wa nyambizi kutoka manowarini umeachiwa helikopta, na hakuna hata moja inayofika mbali kama Viking.