Ubao na Sauti

Watu wengi husifu spika kwa wingi wa kelele zake. Kipimo hicho hakitoshi. Mto hausifiwi kwa mshindo wa maporomoko yake tu, bali husifiwa pia kwa maji yanayofika shambani. Vivyo hivyo spika, chombo kile kinachotuletea sauti ya redio na santuri, hupimwa kwa sauti inayofika sikioni ikiwa kamili. Nami nataka kukuonyesha, msomaji, kwamba ukamilifu huo hautegemei bei ya spika peke yake. Sehemu kubwa yake hutegemea kitu kinyonge ambacho hakina sumaku wala umeme. Kitu hicho ni ubao.

Kwanza tuitazame spika yenyewe. Ndani yake mna sumaku, koili ya waya, na koni ambayo aghalabu ni ya karatasi. Umeme wa sauti unapopita katika koili, koni huenda mbele na kurudi nyuma. Inapokwenda mbele, huisonga hewa iliyo mbele yake. Na wakati ule ule huipunguza hewa iliyo nyuma yake. Kwa hiyo kila spika husema maneno mawili kwa mara moja: la mbele ni ndiyo, la nyuma ni siyo. Mawimbi haya mawili yana nguvu sawa na mwelekeo wa kupingana. Wimbi la nyuma likipata njia fupi ya kuzunguka ukingo, hukutana na la mbele na kulifuta. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ndiyo sababu spika iliyo uchi, isiyo na sanduku wala ubao, hulia kwa sauti nyembamba kama ya mbu: sauti zake nzito zimekwisha kuuana kabla ya kutufikia.

Dawa ya ugomvi huu ilijulikana mapema. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric ya Marekani, walichapisha maelezo ya spika ya koni ambayo ndiyo mzazi wa spika nyingi za leo, nao walieleza pia faida ya kuizungushia ubao wa kutenga mbele na nyuma. Wengine hulifungia wimbi la nyuma katika sanduku. Sanduku ni jema kwa kuwa halitaki nafasi kubwa, na kwa hiyo limeenea duniani kote. Lakini hewa iliyofungwa hugeuka kuwa kama kamani, na kuta za sanduku lililotengenezwa ovyo hutetema pamoja na muziki. Na debe tupu haliachi kuvuma. Ubao ulio wazi hauna uvumi huo. Sauti yake husikika kama iliyofunguliwa dirisha. Ada yake ni nafasi.

Nafasi kiasi gani? Hapa hesabu ya darasani hupata kazi. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa karibu mita 343 kwa sekunde penye joto la digrii 20. Ukiugawa mwendo huo kwa idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, unapata urefu wa wimbi. Sauti yenye mitetemo 1,000 ina wimbi la sentimita 34 hivi. Yenye mitetemo 100 ina wimbi la karibu mita 3 na nusu. Waya mnene wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8, yaani refu kuliko nyumba za watu wengi. Wala usidhani kuwa hewa nyepesi ya Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya bahari, huibatilisha hesabu hii. Mwendo wa sauti hufuata joto la hewa, si kimo cha nchi. Ubao uliopimwa Mombasa utafaa Nairobi kwa tofauti ndogo.

Basi ishike kanuni hii ya kukadiria. Pima kutoka katikati ya spika hadi ukingo wa ubao, zidisha kwa 6, kisha uugawe mwendo wa sauti kwa jibu ulilopata. Idadi itakayotoka ndiyo mpaka ambapo ubao huanza kushindwa. Chini ya mpaka huo, kila mitetemo inapopungua nusu, nguvu ya sauti nayo hupungua nusu. Ubao wa futi 2 kwa 2 una mpaka wa karibu mitetemo 190. Wa futi 4 kwa 4 una mpaka wa karibu mitetemo 95. Ukitaka ule waya mnene wa besi ufike bila kupungukiwa, utahitaji ubao wa karibu futi 9 kila upande. Huo si ubao tena, ni ukuta.

Pengine utauliza, je, haitoshi kuongeza nguvu ya umeme? Hutosha kwa kiasi, na mafundi hufanya hivyo, lakini chunguza gharama yake. Juu ya ubao wazi, chini ya mpaka ule, kila sauti inaposhuka kwa nusu ya mitetemo, koni hutakiwa kwenda mbele na nyuma mara 8 ya mwendo wake wa kwanza ili isikike kwa nguvu ile ile. Karatasi ina mwisho wa kunyumbuka. Anayeidai spika ndogo kazi hiyo huipasua.

Ukubwa huamua sauti ipi itaishi. Umbo huamua kama zilizoishi zitakuwa na usawa. Umbo la duara hulipendeza jicho, na fundi mgeni hulichagua kwa furaha. Lakini ukitoboa tundu katikati ya duara, njia zote za kwenda ukingoni zinalingana. Wimbi la nyuma hufika pande zote kwa dakika moja na kuingia mbele kama jeshi zima. Kwa msikilizaji aliyeketi mbele kabisa, ubao wa duara wenye upana wa sentimita 68 huziinua sauti za mitetemo karibu 500 na kuzizamisha za karibu 1,000. Hapo ndipo penye maneno ya binadamu na nyuzi za gitaa. Mraba wenye spika katikati una kasoro ya namna hiyo, ingawa ni hafifu, kwa kuwa pembe zake ziko mbali kuliko mbavu zake. Mstatili wenye spika iliyosogezwa kando ni bora zaidi: kila ukingo una umbali wake, basi bonde la ukingo mmoja hufukiwa na kilima cha mwingine.

Mwaka 1951 Harry Olson, mhandisi wa kampuni ya RCA ya Marekani, alichapisha vipimo vya spika iliyotiwa katika maumbo mbalimbali. Yake yalikuwa masanduku, si mbao wazi, lakini fundisho la ukingo ni lile lile. Tufe lilitoa sauti yenye usawa kuliko maumbo mengine. Uso bapa wa duara, spika ikiwa katikati, ulitoa vilima na mabonde makubwa. Duara na tufe ni ndugu kwa jicho, lakini kwa sikio ni watu wa mbali.

Mambo haya yangeweza kubaki mchezo wa hesabu kama nisingalikuwa na jirani mmoja huko Kangemi, magharibi ya Nairobi. Ni mzee ambaye katika miaka ya 1970 alipiga gitaa la besi katika rekodi za benga, muziki uliozaliwa Nyanza na kurekodiwa kwa wingi mjini Nairobi. Anazo santuri chache alizozitunza kwa kitambaa. Jina lake halikuandikwa juu ya hata moja. Ushahidi wa ujana wake ni ule mlio wa besi peke yake. Na spika yake ndogo, iliyokuwa juu ya kipande cha ubao kisichozidi futi 1, ilimletea mwimbaji, ikamletea gitaa jembamba na ngoma, ikamnyima yeye mwenyewe. Wajukuu wake walisikiliza santuri zile na kumwuliza, "Babu, wewe uko wapi?"

Chumba chake ni futi 10 kwa 10, chenye kitanda, meza, jiko na kabati. Ukuta wa futi 9 haukuwezekana. Tulinunua spika ya inchi 12 katika barabara ya Luthuli, katikati ya mji, ambako maduka ya redio na spika yamejaa toka zamani. Plaiwudi nene ilikatwa na fundi wa samani wa barabara ya Ngong: kimo futi 4, upana futi 3. Tundu lilitobolewa sentimita 35 kutoka ubavu mmoja na sentimita 56 kutoka wa pili, karibu na chini, ubao ukasimama sakafuni ili sakafu izibe njia ya chini. Kila ubavu ulitiwa bawa la sentimita 20 kwa bawaba, likielekea nyuma, ili safari ya wimbi la nyuma izidi kurefuka. Hatukuzidisha mabawa, kwa sababu yakiwa marefu sana hufanya handaki, na handaki lina mlio wake. Kwa hesabu, mpaka ulishuka hadi karibu mitetemo 90.

Palibaki tatizo moja. Ubao wazi hautaki kugusana na ukuta. Ukiusogeza sana, wimbi la nyuma hurudi haraka na kuichafua sauti ya mbele. Tuliuacha mita 1 kutoka ukutani, na mita 1 katika chumba cha mita 3 ni theluthi ya maisha ya mtu. Kwa hiyo mchana mabawa hukunjwa na ubao hulazwa ukutani. Jioni ya kusikiliza, meza huhamishwa. Kuna faida pia kwa majirani. Ubao wazi hutoa sauti mbele na nyuma, lakini ubavuni mawimbi mawili hukutana sawa na kufutana, hivyo aliye ubavuni hupata sehemu ndogo. Kuta hurudisha nyingine, na mlango hauna pazia la kutosha. Hata hivyo nafuu ipo.

Santuri ya kwanza ilipolia, mzee hakusema neno mpaka ubeti wa pili. Kisha alisema, "Yule kijana bado anapiga." Mtetemo wa chini kabisa wa waya mnene ulifika dhaifu, kwa hesabu karibu nusu. Lakini waya hautoi mtetemo mmoja tu: pamoja na 41 huja 82, na 123, na kuendelea, hizo zilifika, na sikio likajaza zilizobaki. Wajukuu hawakuuliza tena babu yuko wapi. Walianza kumwuliza namna ya kushika waya.

Basi, msomaji, wahenga walisema kila chombo kwa wimbile, na hapa msemo huo ni kweli mara mbili. Usiuchukie ubao mdogo kwa kukosa sauti nzito, wala usiusifu mkubwa bila kuuliza utakaa wapi. Uliza ni sauti gani unayotaka isipotee, pima njia yake, kisha ukate. Na kama una shaka na maneno yangu, twaa redio ndogo ya betri, itoe spika yake katika kasha nyaya zikiwa zimeungwa, uisikilize ikiwa uchi. Kisha ikandamize juu ya tundu la kadibodi pana, lililokatwa sawa na koni. Sauti nzito itakuja mara moja. Igeuze kadibodi, ikate, isogeze spika kando, na uandike unachosikia. Kipande cha kadibodi kitakufundisha mengi kwa gharama ndogo.